Umeme wa Kesho: Kufundisha Mchanganyiko wa Vyanzo vya Nishati Katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mwalimu mwanafunzi anayeingia darasani kufundisha vyanzo vya umeme aghalabu huanza kwa kuandika orodha ubaoni: maji, gesi asilia, makaa ya mawe, jua, upepo, jotoardhi. Wanafunzi huinakili, huikariri, na siku ya mtihani huirudisha kama walivyoipokea. Orodha hiyo haina kosa. Lakini mwanafunzi aliyeihifadhi yote bado hawezi kujibu swali ambalo hata bibi yake huliuliza taa zinapozimika: kwa nini nchi yenye mito mikubwa, gesi na jua la mwaka mzima ikose umeme saa mbili usiku?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna ya kulifundisha somo hili ili swali hilo lipate jibu. Hoja yetu ni hii: kila chanzo kina saa zake na majira yake ya kushindwa. Vyanzo vingi vinavyoshindwa kwa wakati mmoja ni sawa na chanzo kimoja. Mchanganyiko unaoweza kukidhi mahitaji ya nchi ni ule ambao kimoja kikilala kingine kimo kazini, na jambo hilo haliwezi kuonekana katika orodha. Sharti lionekane katika saa na katika ramani.

Tumelipima somo hili kwa vipindi vinne katika darasa la tano au la sita. Zana zinazohitajika ni maharage, chaki, kamba na uwanja wa shule. Mwalimu asingoje chati ya kununua.

Kutofautisha wati na yuniti

Kabla ya yote mwanafunzi hana budi kutenganisha mambo mawili ambayo hata watu wazima huyachanganya, yaani ukubwa wa mtambo na wingi wa umeme uliotolewa. Megawati ni kipimo cha ukubwa wa mtambo. Yuniti, ile ile ambayo wazazi huinunua kwa LUKU, ni kipimo cha umeme uliokwisha kutumika. Upana wa bomba si wingi wa maji yaliyoingia ndooni. Bomba pana lililofungwa halijazi hata kikombe.

Hesabu mbili zinatosha. Taa ya wati 10 ikiwaka kwa saa 100 hutumia yuniti moja. Pasi ya wati 1,000 hutumia yuniti hiyo hiyo kwa saa moja tu. Wanafunzi wakiisha kuzielewa, waulizwe juu ya kituo cha umeme wa jua cha Kishapu, mkoani Shinyanga, ambacho awamu yake ya kwanza ni ya megawati 50: je, kinatoa umeme sawa na mtambo wa maji wa megawati 50? Darasa litagawanyika. Mwalimu aliache ligawanyike hadi kipindi cha pili.

Kijiji cha maharage

Zoezi hili ndilo kiini cha somo, na tunapendekeza lipewe kipindi kizima. Uwanjani chorwe duara kubwa la saa ya siku nzima, ligawanywe vipande vitano: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, na saa nne usiku hadi alfajiri. Punje moja ya harage ni kilowati moja.

Kijiji kina nyumba 100, mashine ya kusaga, shule, maduka na zahanati yenye jokofu la dawa. Wanafunzi wenyewe wakadirie nani anawasha nini na saa ngapi, kisha mwalimu awaongoze kwenye hesabu nyepesi. Mchana mashine ya kusaga inataka punje 10, shule na maduka 4, zahanati 1, jumla 15. Jioni nyumba 100 zenye taa, redio na televisheni, kila moja kwa wati 100, zinataka punje 10, nyumba kumi zinazopiga pasi kwa wakati mmoja zinataka 10 nyingine, zahanati 1. Jumla 21. Usiku wa manane punje 3 zinatosha, na asubuhi na mapema 4. Mwanafunzi akiliangalia duara ataona kwa macho yake kwamba kilele cha mahitaji kimesimama pale jua linapozama.

Sasa viletwe vyanzo. Kijito kina mtambo wa maji unaotoa punje 10 wakati wa masika, lakini wakati wa kiangazi hutoa 4 tu, usiku na mchana. Paneli za sola hutoa punje 15 kuanzia saa tatu hadi saa tisa, na baada ya kuchwa hazitoi kitu. Kundi moja lijaze mahitaji ya kiangazi. Mchana watajaza bila shida. Jioni watakuwa na punje 4 mkononi na shimo la punje 17 mbele yao. Hapo ndipo lile swali la Kishapu litakapojibiwa, tena na wanafunzi wenyewe.

Mwalimu asiishie hapo, kwa maana akiishia hapo wanafunzi wataondoka wakidhani kwamba sola haina faida ila mchana. Waambie kuwa kijito kimejengewa bwawa dogo. Ikiwa jua linakidhi mahitaji yote ya mchana, maji ya mchana yana kazi gani? Yafungiwe. Kwa muda wa saa sita, punje 4 kila saa, zimewekwa akiba yuniti 24. Zikigawanywa kwa saa nne za jioni, kila saa inaongezewa punje 6. Mtambo sasa unatoa 10 badala ya 4, na shimo limepungua kutoka 17 hadi 11. Jua halikuwaka usiku, lakini limesaidia usiku, kwa kuwa limeyalinda maji. Huu ndio moyo wa mchanganyiko wa nishati, na mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kuushika akiwa na maharage mkononi.

Kuna mwanafunzi atakayependekeza pasi zihamishiwe asubuhi. Ni wazo zuri, lisipuuzwe. Punje 10 za pasi zikiondoka jioni, mahitaji hubaki 11, na bwawa likitoa 10 upungufu ni punje moja. Lakini mwanafunzi huyo azichukue punje zake azipeleke katika kipande cha asubuhi na ahesabu tena: pale zilikuwapo 4, sasa zinatakiwa 14, na kijito kinatoa 4. Pengo limehama, halikuondoka. Akizisambaza pasi zile mbili mbili katika saa mbalimbali za siku atapata nafuu, naye atajifunza kwamba watumiaji nao ni sehemu ya mpango. Kwa vyovyote vile kijiji kitahitaji chanzo cha tatu kisichongoja mvua wala jua: jenereta, betri au waya kutoka gridi. Wanafunzi wachague na watoe sababu, wakikumbuka kuwa mafuta hununuliwa kila siku na betri huchakaa.

Swali la ziada kwa wepesi wa hesabu: masika, bwawa likiwa limejaa, kwa nini bado jioni haitoshi? Kwa sababu mtambo una kikomo chake cha punje 10, hata maji yawe mengi namna gani.

Ramani ya mito

Kutoka kijijini tunakwenda kwenye nchi. Wanafunzi wachore ramani ya Tanzania ardhini, mito iwe kamba, vituo viwe mawe. Tunashauri mwalimu awape vituo hivi vya maji pamoja na ukubwa wake: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, Pangani Mpya 68, Kidatu 204, Mtera 80, Kihansi 180, Rusumo 80 ambazo Tanzania hugawana na Rwanda na Burundi, na Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, yaani 2,115. Mtambo wa kwanza wa bwawa hili ulianza kazi Februari 2024 na yote tisa ilikamilika mwaka 2025.

Swali la kwanza ni jepesi: mawe ni mangapi? Manane. Swali la pili ndilo lenye mafunzo: kamba ni ngapi? Kila mwanafunzi aliyeshika jiwe afuate maji yake yanakotoka na yanakokwenda. Mtera na Kidatu vyote viko kwenye Ruaha Mkuu. Maji yale yale yaliyozungusha mitambo ya Mtera huteremka kuizungusha ya Kidatu. Mto Kihansi huingia Kilombero. Kilombero na Ruaha Mkuu vyote huishia Rufiji, na Bwawa la Nyerere liko kwenye Rufiji. Kwa hiyo Mtera, Kidatu, Kihansi na Nyerere, jumla megawati 2,579, vyote vinakunywa katika bonde moja. Mto Pangani una vituo vitatu, lakini jumla yake ni megawati 97 tu. Rusumo liko peke yake kwenye mto Kagera.

Tahadhari mbili zinafaa hapa. Ya kwanza ni kwamba bonde la Rufiji ni pana mno, na mvua zake si za namna moja. Nyanda za Usangu, Ruaha Mkuu unakopita kabla ya kufika Mtera, ni kavu kuliko Kilombero, na sehemu kubwa ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Mwaka mbaya wa Ruaha si lazima uwe mwaka mbaya wa Kilombero. Ya pili ni kwamba bwawa kubwa huweka akiba, hivyo mvua ikichelewa mwezi mmoja taa hazizimiki siku hiyo. Mwalimu asiwatishe wanafunzi. Lakini asiwafiche kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kwa sehemu ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na kwamba juu ya mto huo wapo wakulima wa mpunga na wafugaji wanaoyahitaji maji hayo hayo. Darasani si lazima kumtafuta mkosaji. Inatosha wanafunzi waone kuwa mfuko wa mchele na taa ya Dar es Salaam vinaweza kugombea mto mmoja.

Historia inalithibitisha jambo hili. Kidatu kilipofunguliwa mwaka 1975 na kupanuliwa mwaka 1980, na Mtera ikafuata mwaka 1988, nchi ilitegemea maji kwa sehemu kubwa mno ya umeme wa gridi. Ukame wa miaka ya mwanzo ya 1990 ulileta mgawo wa umeme. Mgawo ukarudi mwaka 2006 na mwaka 2011. Na Oktoba 2015 hali ilifikia hatua ya vituo vya maji kusimamishwa. Waliozaliwa miaka hiyo walijifunza kusoma kwa kibatari katika nyumba zenye nyaya.

Kilichopunguza makali ni gesi asilia. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, lakini ya Songo Songo ilianza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004 tu. Wanafunzi wahesabu: miaka 30 kati ya kugundua na kuwasha taa. Hesabu hiyo ndogo inafundisha, kuliko hotuba yoyote, kwa nini umeme wa mwaka 2045 unapaswa kufikiriwa sasa. Bomba la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015, na vituo vya Kinyerezi vikafuata. Gesi haijali kiangazi, na mtambo wake huweza kuwashwa jioni mahitaji yapandapo. Lakini ikiisha kuchomwa hairudi, na moshi wake huongeza joto la dunia, ingawa si kwa kiasi cha makaa ya mawe.

Makaa ya mawe, makapi ya miwa yanayofua umeme katika viwanda vya sukari, na mitambo midogo ya upepo kule Mufindi vyaweza kutajwa kwa dakika tano, isipokuwa shule iwe karibu navyo. Hapo wanafunzi wapelekwe wakaone.

Mfano wa jirani

Kenya inafaa kulinganishwa nasi kwa sababu ilipatwa na shida ile ile. Ilitegemea mabwawa ya mto Tana, ikapata mgawo mkali katika ukame wa miaka ya 1999 na 2000. Lakini huko Olkaria, katika Bonde la Ufa, mvuke wa ardhini ulikuwa umekwisha kuanza kufua umeme tangu mwaka 1981, kwa mtambo wa megawati 15. Mvuke huo hautegemei mvua, jua wala saa. Kenya iliendelea kuchimba, na leo jotoardhi ndiyo chanzo chake kikubwa kuliko vyote. Juu yake iliongeza upepo wa Turkana, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Wanafunzi wagawanye wapate kilowati 850 hivi kwa kila mtambo. Upepo wa kule huvuma sana usiku hadi asubuhi, saa ambazo paneli za sola zimelala.

Mfano huu usifundishwe kama mashindano ya mataifa mawili. Njia ya umeme mkubwa kati ya Singida na Isinya imeziunganisha gridi zetu mwishoni mwa mwaka 2024, hivyo mvuke wa Olkaria na maji ya Rufiji sasa vinaweza kusaidiana. Mwalimu arudi kwenye duara la maharage na kuuliza ni saa gani au majira gani kila upande ungemwazima mwenzake.

Kwa nini umeme umezidi na kwetu unakatika?

Swali hili litaulizwa, tena kwa hasira kidogo, na mwalimu asiyejiandaa atalikimbia. Mapema mwaka 2024 baadhi ya vituo vya maji vilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Mahitaji ya juu ya gridi wakati huo yalikuwa hayajafika megawati 2,000. Hata hivyo mitaani umeme uliendelea kukatika. Mwanafunzi anayeuliza hilo hana ukaidi, ana macho.

Jibu liko kwenye njia. Kati ya bwawa na balbu kuna njia kuu, vituo vya kupoza umeme, nguzo na transfoma ya mtaa. Transfoma iliyowekwa kwa nyumba 50 ikibebeshwa 120 itaungua, hata kama Rufiji imefurika. Kule Turkana mitambo ya upepo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini ilingoja hadi mwaka 2018 njia yake ya zaidi ya kilomita 400 ikamilike.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Unguja. Kisiwa hicho hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani, na samaki hawakuweza kuhifadhiwa. Huko Bara mitambo ilikuwa ikizunguka. Mwaka 2013 waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi. Mwalimu wa Zanzibar anaweza kuanza somo zima kutoka hapa, kwa maana kila mzazi wa Unguja ana la kusimulia, na wanafunzi watumwe kuwahoji.

Mahitaji yanayokuja

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ile ya 2012 ilikuwa imehesabu 44,928,923. Wanafunzi watoe wapate ongezeko. Kisha waulizwe ni kazi gani zinazotumia umeme leo ambazo babu zao walizifanya bila umeme. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza safari mwaka 2024. Taifa nalo limejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya watu watumie nishati safi ya kupikia. Wengi watatumia gesi ya mitungi, lakini baadhi watapikia umeme. Na ugali wa usiku hupikwa saa ngapi? Warudi uwanjani, waongeze majiko kumi ya wati 1,000 katika kipande cha jioni cha kijiji chao, watazame kilele kinavyopanda kutoka punje 21 hadi 31. Kwa darasa lenye uwezo, waonyeshwe kwamba mahitaji yakikua kwa asilimia 7 kila mwaka huongezeka maradufu kwa miaka kumi hivi. Bwawa linaloonekana kubwa leo litaonekana la kawaida wao wakiwa wazazi.

Katika shule isiyo na umeme somo hili halipungui thamani. Paneli moja juu ya paa la nyumba ya jirani, na taa yake inayofifia saa tatu usiku baada ya siku ya mawingu, ni zana bora kuliko picha ya kitabuni.

Upimaji

Swali la kutaja vyanzo vitano vya umeme lisitumiwe. Halipimi lolote katika haya tuliyoyaeleza. Tunapendekeza swali la namna hii: Ni saa mbili usiku, mwezi wa Novemba, na mvua za vuli hazijanyesha. Wewe ndiwe msimamizi wa gridi. Una mabwawa yaliyobakiwa na nusu ya maji, mitambo ya gesi, kituo cha jua na waya wa kutoka nchi jirani. Utawasha nini kwanza, utaacha nini, na kesho mchana utabadili nini?

Majibu yatatofautiana, na mwalimu asiwe na jibu moja mfukoni. Atakayewasha gesi ili atunze maji hadi mvua zifike apewe alama akitoa sababu. Atakayetumia maji kwa kuwa gesi ni ghali naye apewe, akieleza atafanyaje vuli ikikosekana kabisa. Atakayenunua kutoka kwa jirani aulizwe kama jirani naye hayuko katika kilele chake saa hiyo hiyo. Atakayekumbuka kwamba kesho mchana kituo cha jua kitampumzishia mabwawa apewe alama za juu. Atakayewasha kituo cha jua saa mbili usiku arudishwe kwenye maharage.